MC wa Kasingirima, IST Yake na Bima Iliyoisha Kimya Kimya

Kigoma MC akikosekana kwenye sherehe mbili mfululizo, watu wanauliza. Akikosekana miezi, wanaacha kuuliza, wanaanza kutunga. Huyu wa Kasingirima katungiwa mengi: mara kahamia Lubumbashi, mara kaacha muziki kawa ustaadhi, mara karogwa na MC mwenzake wa Gungu anayemgombania tenda. Ukweli ni mdogo kuliko hayo yote. Bima ndogo ya gari, shilingi 118,000 pamoja na VAT, iliisha na hakuilipa.

Jina halitajwi. Waliokula pilau kwenye harusi alizosimamia wanamjua, na wasiomjua wana MC wao wa namna hiyo hiyo mtaani kwao.

Jamaa alipovuta IST yake, milioni 12 za jasho, alifanya kama wanavyofanya wengi gari likiwa bado linanukia mpya: akakata bima kubwa. Asilimia tatu na nusu ya thamani ya gari, weka na VAT, ikafika karibu laki tano. Alilipa huku anatabasamu. Stika akaipiga picha, akaiweka status. Mjini ndivyo tulivyo, hata stika ya bima ni bata.

Sasa kwao Ujiji ni nyumba ya maulidi. Mzee wake hajui ladha ya bia na hataki kuijua. Kwa hiyo jamaa alikuwa anapiga mtungi Mwanga, mbali na macho ya nyumbani, na kazi yenyewe inasukuma huko huko. MC akichangamsha ukumbi anatunzwa, na siku hizi anayetunza haji na noti tu, anakuja na chupa. Ukikataa unaonekana unaringa. Akisimamia sendofu nne kwa mwezi, hizo ni meza nne za chupa za bure.

Usiku wa mzinga wenyewe ulikuwa wa kawaida kabisa. Saa nane, sendofu imeisha, spika ziko nyuma, barabara ya Ujiji nyeupe haina mtu. Akala mwembe. Ujiji miembe si ya kutafuta, ipo tu, mikubwa, imesimama hapo kabla ya baba zetu. Yeye alitoka na mchubuko wa paji la uso. Mbele ya gari ndiyo ilikunjwa kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe. Trafiki wakaja, akapulizishwa kipimo, akapimwa na damu. Sheria inavumilia miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu, yeye alikuwa ameshapita zamani. Mahakamani hakubisha. Akapigwa faini, leseni ikafungiwa miezi sita.

Watu wakadhani adhabu imeishia hapo. Hata yeye.

Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kampuni ya bima, ukurasa mmoja. Wamepokea taarifa ya polisi, wamesoma mkataba, hawatalipa matengenezo ya gari kwa sababu dereva alikuwa amelewa. Jamaa akawaka. Aliisoma kwa sauti kijiweni, akaisoma tena kwa shemeji yake, akaituma kwenye magrupu matatu ya WhatsApp. "Laki tano zangu wamekula, halafu wananiambia nililewa. Bima ni wizi."

Kijiwe kizima kikamuunga mkono, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba bima kubwa ina mifuko miwili. Mmoja ni wa gari lako, na huo ulevi unaufunga, imeandikwa kwenye karatasi uliyosaini bila kusoma. Mwingine ni wa mtu utakayemgonga. Huo wa pili ndio serikali inaoulazimisha kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na ndio huohuo unaouzwa peke yake kwa jina la bima ndogo. Usiku ule haukuguswa kwa sababu mwembe haudai fidia. Yeye akaona mfuko mmoja umefungwa, akahukumu kwamba nguo nzima haina mifuko.

Akatengeneza gari kwa akiba yake, milioni mbili na laki nane. Bampa la kutoka Dar, bodi ikanyooshwa na fundi wa Mwanga, rangi ikakaribia kufanana.

Mwezi wa kumi wakala wa bima akamtumia ujumbe: "Braza MC, bima inaisha Ijumaa. Kama kubwa imekushinda nikukatie ndogo basi, 118,000 tu." Tiki zikawa za bluu. Hakujibu. Hesabu yake ilikuwa hivi: leseni imefungiwa, pombe ameacha (na kweli aliacha, hilo tumpe), gari limepaki uani chini ya turubai. Kulipia bima gari lililopaki ni kumlipia nauli mtu aliyelala.

Kuna binamu yake yuko Marekani, walikuwa wanaongea kwenye simu siku hizo. Binamu akamwambia kule majimbo mengi ukikamatwa umelewa na usukani, kurudishiwa leseni si bure. Kampuni ya bima inapeleka fomu serikalini, wanaiita SR-22, kuthibitisha kwamba una bima, na unaishi na fomu hiyo mara nyingi miaka kama mitatu. Bei ya bima inapanda kwa sababu umeshakuwa mtu wa hatari. Ukiiacha ikatike hata siku chache, kampuni yenyewe inawajulisha wenye leseni, na leseni inafungwa tena. Jamaa akacheka: "Huko mnachungwa kama watoto. Huku hakuna anayekusumbua."

Ni kweli, hakuna aliyemsumbua. Ijumaa ikapita, gari likaendelea kulala.

Mwezi wa kumi na moja ikaja tenda ya harusi. Hela nzuri, ukumbi wa mjini, na bibi harusi alimtaka yeye na si mwingine. Spika hazipandi bodaboda. Sasa hapa jamaa alijiona ana akili, na kwa nusu alikuwa nayo: hakugusa usukani. Alimwita mdogo wake. Dogo ana leseni safi ya daraja linalotakiwa, hanywi, hana kesi, ndiyo kwanza ameitwa kwenye usaili wa udereva kwenye shirika moja linalohudumia wakimbizi kambi ya Nyarugusu. Kigoma hii kazi hiyo unajua uzito wake. Vijana wanaingojea kama meli.

"Dogo, niendeshee. Mimi nitakaa kushoto."

Wakatoka Kasingirima saa kumi na mbili jioni, mvua imetoka kunyesha. Karibu na Mwanga bodaboda akakata mbele yao akitokea pembeni, dogo akakanyaga breki, tairi zikateleza. Nyuma ya ile pikipiki alikuwa amekaa mama mmoja anayeuza dagaa mwaloni Kibirizi, anarudi kwake Ujiji na ndoo tupu mapajani. Dereva wa boda aliruka. Mama hakuruka. Mguu wa kulia ukavunjika mara mbili chini ya goti.

Hakukuwa na mlevi hata mmoja pale. Trafiki akampulizisha dogo kipimo, kikasoma sifuri. Kisha akaingiza namba za gari kwenye simu yake, maana siku hizi hasomi stika kwenye kioo, anasoma mfumo wa TIRA. Akageuza simu, jamaa akajisomea mwenyewe kwamba bima imekwisha mwezi uliopita.

Usiku ule ule, mama akiwa Hospitali ya Maweni anasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, MC alitoka nje kwenye korido akampigia wakala. Yule yule wa tiki za bluu. "Nikatie sasa hivi, natuma hela." Wakala hakumkoromea. Alimwambia polepole, kama mtu anayetoa taarifa ya msiba: "Braza, nikikata sasa inaanza sasa. Ya saa moja jioni haimo."

Boda naye hakuwa na bima. Kwa hiyo pale hospitalini palikuwa na vyombo viwili vya moto, mguu mmoja uliovunjika, na hakuna mfuko hata mmoja wa kutoa hela zaidi ya ile mifuko ya suruali.

Sheria haikumwacha mwenye gari akae pembeni. Sura ya 169 inamkamata anayeendesha bila bima, na inamkamata pia anayemruhusu mwenzake aendeshe. Kukaa kiti cha kushoto hakukumsaidia kitu. Ndugu wawili, mama mmoja, kizimba kimoja. Dogo alikuwa na shtaka la pili la kuendesha bila uangalifu. Walikiri wote wawili, wakalipa faini. Usaili wa Nyarugusu ulikuwa wiki iliyofuata. Dogo alikwenda, akaulizwa kama ana kesi yoyote ya barabarani, akasema ukweli. Hawakumpigia simu tena.

Faini haikuwa kitu ukilinganisha na mguu. Wazee wa pande mbili walikaa Ujiji, kwa mzee wake MC, yule asiyejua ladha ya bia, ambaye ndiyo kwanza siku hiyo alisimuliwa habari za mwembe pia. Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Mama wa watu anakula nini sasa hivi?" Wakakubaliana: gharama zote za hospitali, na milioni tano juu, kwa sababu mama asiyeweza kusimama hawezi kugombania dagaa alfajiri mitumbwi inapoingia, na ana watoto wanne shuleni.

IST ikauzwa milioni sita na nusu, na rangi yake iliyokaribia kufanana. Hospitali ilikula milioni mbili na laki nne. Mama akapewa milioni tatu na laki mbili mkononi, mbele ya wazee. Laki tisa zilizobaki zilimalizwa na faini, pikipiki ya watu na nauli za mahakamani. Deni likabaki milioni moja na laki nane, laki na nusu kila mwezi, mwaka mzima. Spika nazo akaziuza, si kwa deni hilo, kwa ajili ya kula. MC asiye na spika na asiye na gari anaitwa mara moja moja, na anayemuita anamkata bei. Ndiyo maana hamumuoni.

Ukikokotoa kwa kalamu utaona kitu cha ajabu. Usiku aliolewa ulimgharimu milioni mbili na ushee na aibu. Jioni ambayo hakuna aliyelewa ilimgharimu gari, spika na ajira ya mdogo wake. Katikati ya hizo mbili kuna ujumbe mmoja wa simu ambao haukujibiwa, kwa hasira ya barua aliyoistahili.

Na dogo? Anaendesha bajaji ya mtu. Na kaka yake wanasalimiana vizuri tu, "shikamoo kaka," "marahaba," lakini ile ya kukaa kibarazani na kucheka imepungua. Bajaji ina bima. Dogo anaijua tarehe ya kwisha kwa kichwa, hata mwenye bajaji haijui.

Kila mwisho wa mwezi MC anapanda boda hadi Kibirizi na laki na nusu kwenye bahasha. Angeweza kuituma kwa simu. Mzee alimwambia aipeleke kwa miguu yake. Mama sasa hasimami sana, anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na fimbo pembeni, binti yake mkubwa ndiye anayegeuza dagaa kwenye chanja. Mwezi uliopita alihesabu noti taratibu, akazikunja kwenye pindo la kitenge, akampimia dagaa kopo moja bila kuulizwa.

"Bado minne, mwanangu," akasema. "Msalimie mdogo wako."