Walitoka Wodini, Mahakamani na Darasani

Siku hizi nikipata kitabu kipya cha maadili ya unasihi au cha usimamizi wa wanasihi, huanzia jalada la nyuma, pale waandishi wanapotambulishwa. Maelezo yanafanana: shahada ya uzamivu ya saikolojia, leseni ya kutoa tiba, uprofesa, ujumbe wa kamati ya maadili. Nawaheshimu watu hawa. Wanaandika kwa uangalifu ambao kizazi chetu hakikuwa nao. Hata hivyo nafunga kitabu nikiwa na simanzi, maana nawakumbuka waliotufundisha kazi hii Dar es Salaam miaka ya tisini. Ungetafuta wawili kati yao wenye historia moja usingewapata.

Ulikuwa wakati wa UKIMWI. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijafika kwa mtu wa kawaida, na majibu ya kipimo yalikuwa sawa na hukumu ya kifo. Wanasaikolojia walikuwa wa kuhesabu, kwa hiyo kazi ikashikwa na waliokuwapo. Kampala, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa fiziotherapia wa Hospitali ya Mulago, alifiwa na mumewe mwaka 1987, na mwaka huohuo yeye na wenzake wakaanzisha TASO, shirika la kuwahudumia wenye UKIMWI. Dar es Salaam, Theresa Kaijage, mtu wa ustawi wa jamii, alianzisha WAMATA, shirika la namna hiyohiyo, mwaka 1989. Nyuma yao wakaja wauguzi, walimu, mapadri, wachungaji na maofisa ustawi. Hao ndio waliotuandikia vijitabu vya mafunzo vilivyochapwa kwa taipureta na kudurufiwa, na hao ndio waliotusimamia.

Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa muuguzi mkuu mstaafu. Tulimwita Sista, naye alituita wanangu. Ukimpelekea taarifa ya kikao, hakuanza na nadharia. Alivua miwani, akaiweka juu ya daftari, akauliza, “Umemwachaje?” Ukijibu kwamba mteja ametulia, alikuja na la pili: “Na usiku wa leo yuko mikononi mwa nani?” Miaka yote ya wodini alikuwa amezoea kwamba hakuna anayevua sare kabla ya kumkabidhi kila mgonjwa kwa anayeingia zamu, kitanda kwa kitanda. Akaihamishia desturi hiyo kwenye chumba cha unasihi. Baadaye nilisoma sura nzima za vitabu kuhusu wajibu wa kutomtelekeza mteja, na zote nilikuwa nimeshazisikia kwa Sista katika maswali mawili.

Padri mmoja alitufundisha kutunza siri. Alikuwa amekaa kitubioni nusu ya umri wake, akijua uzito wa jambo usiloweza kumwambia hata askofu wako. Hakutupa orodha ya masharti, alituzoeza kunyamaza. Mwalimu wa shule ya msingi alitufundisha kumsahihisha mnasihi mchanga bila kumvunja mbele ya wenzake, kwa sababu alishaona mtoto aliyeaibishwa ubaoni asivyonyosha mkono tena mwaka mzima. Ofisa ustawi, aliyezoea kwenda majumbani, alitukumbusha kwamba mteja wa Manzese anaishi chumba kimoja na familia yake, ukuta mmoja na jirani. Ukimtembelea, alisema, kaa barazani kama mgeni wa kawaida, uanze na habari za nyumbani, na mazungumzo mazito yasubiri hadi watoto watumwe dukani.

Wakati ule nilidhani mchanganyiko huu ni shida zetu tu, kwamba nchi tajiri zilianza na wataalamu waliokamilika. Kusoma kukanionyesha vingine. Kliniki ya uchambuzi-nafsi iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920, ambayo ndiyo iliyoweka utaratibu kwamba anayejifunza atibu chini ya jicho la mkongwe, ilimleta Hanns Sachs awafunde wanafunzi. Sachs alikuwa mwanasheria. Anna Freud alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini Vienna. Theodor Reik alipata udaktari wake kwa kuandika juu ya riwaya ya Flaubert, na aliposhtakiwa kwa kutibu bila kuwa tabibu, Sigmund Freud alitoa kitabu kizima mwaka 1926 kutetea haki ya wasio matabibu kufanya kazi hiyo. Marekani, Carl Rogers alianza na masomo ya kilimo, akapitia historia na seminari, kabla ya kuingia saikolojia na kuwa miongoni mwa wa kwanza kurekodi vikao ili visikilizwe na kujadiliwa. Na kitabu cha Virginia Robinson juu ya usimamizi, cha mwaka 1936, kilitoka kwenye ustawi wa jamii.

Hata kanuni za maadili za wanasaikolojia wa Marekani hazikuzaliwa mezani. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Hobbs iliwaomba wanachama waandike visa halisi vilivyowatia njia panda. Vikaja zaidi ya 1,000, na kutokana navyo zikaandikwa kanuni za mwaka 1953. Waliulizwa watu wenye kazi mikononi, kisha ndipo sheria ikatungwa.

Lango la kuingilia kazi hii lilibanwa kidogo kidogo. Mwaka 1938 chama cha wachambuzi-nafsi wa Marekani kiliamua kwamba mafunzo kamili ni ya matabibu tu, na wanasaikolojia wakalazimika kwenda mahakamani mwaka 1985 ili mlango ufunguliwe. Kwetu Afrika Mashariki limebanwa kwa njia nyingine, na kwa nia njema. Kenya ilitunga Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia mwaka 2014. Vyuo vikuu vinatoa shahada, saa za usimamizi zinahesabiwa, fomu zinajazwa, na msimamizi anaweza kuwa mji mwingine akakuona kwenye skrini.

Sitaki kuipamba ile zamani. Nilishuhudia siri ya mwanamke ikifika kwa wakwe zake kupitia mhudumu aliyedhani anasaidia. Nilishuhudia wanasihi waliozika wateja wiki baada ya wiki wakaishia kwenye pombe, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jukumu la kuwauliza wao wanaendeleaje. Mchungaji mwenye upendo mwingi aliweza kugeuza kikao kuwa mahubiri, na mteja asiwe na pa kulalamika. Leo anapo. Haki hiyo imelipiwa kwa machozi ya watu, na sitamsikiliza anayetaka irudishwe nyuma.

Kinachoniuma ni kwamba tulipoijenga nyumba mpya hatukuwahamishia wale wazee. Vijitabu vyao vilibaki kwenye makabati ya miradi, na mfadhili alipoondoka makabati yakaondolewa. Kijana anayesoma maadili leo anafundishwa siri kama suala la mafaili na nywila, na ni sawa, mafaili yapo. Ila ukimuuliza afanye nini mteja akija na shangazi yake na kusema, “Huyu asikie yote, ndiye atakayeniuguza,” kitabu chake kinamjibu kwa fomu ya ridhaa. Sisi tulikuwa na jibu lililokomaa. Tuliliita siri ya pamoja: mteja anachagua nani aingie, aambiwe nini na kwa wakati gani, na mnasihi anabeba wajibu kwa wote walioingia. Fikra hiyo ilifika hadi kwenye miongozo ya kimataifa ya UKIMWI. Ilijengwa na watu waliokalia majamvi ya wagonjwa, na wengi wao hawakupata nafasi ya kuandika sura yoyote kwa jina lao.

Sista amefariki. Padri naye. Baadhi ya wenzao wapo bado, Tanga, Moshi, Bukoba, Kampala, wakiwa na umri unaotulazimisha kufanya haraka. Idara zetu za saikolojia zina wanafunzi wa uzamili wanaohangaika kutafuta mada ya tasnifu. Wapelekwe kwao na daftari na kinasa sauti. Waulize kama kamati ya Hobbs ilivyouliza: ni kisa gani kilikutia njia panda, ukafanyaje, na leo ungefanyaje? Kisha majibu yaingie kwenye vitabu vya kufundishia kwa majina ya walioyatoa, na kazi zao zitajwe waziwazi: muuguzi, mwalimu, ofisa ustawi, padri. Hiyo ni elimu ya maadili kamili, na tuna deni nayo tungali na wa kumlipa.