Ajali Tatu Zilizoniliza, na Hii ya Mwisho Bado Ina Deni

 

Leo sina umbea wa mastaa, mnisamehe. Jumapili usiku umeme ulikatika hapa kwangu, nikanyanyuka kutafuta kiberiti, nikapiga kidole kidogo cha mguu kwenye mguu wa kitanda. Wanaojua wanajua. Nilikaa chini sakafuni nikakishika kile kidole kwa mikono miwili, sikulia wala sikutukana, nikawa nahema tu kama mbwa aliyekimbizwa. Kidole chenyewe ni kidogo hata huna kazi nacho, lakini kikiamua kukutesa utataja ukoo mzima.

Sasa nikiwa pale gizani nikaanza kukumbuka maumivu mengine niliyowahi kuyapata. Nikahesabu ajali tatu za maana. Zote ni bahati mbaya, hakuna aliyenipiga. Naziandika kwa mpangilio kuanzia ndogo hadi kubwa. Ile ya mwisho nawaomba msome mpaka chini, maana sijawahi kumwambia mtu.

1. MSUMARI

Nilikuwa darasa la tatu, nimeenda likizo kwa bibi Morogoro. Jirani walikuwa wanabadilisha paa, mbao za zamani wamezirundika pembeni ya uwanja wetu wa chandimu. Sie tulikuwa tunacheza peku kama kawaida. Mpira ukaenda kwenye zile mbao, nikaukimbilia.

Ajabu ni kwamba mwanzoni sikusikia kitu. Nilichoona ni kwamba nikinyanyua mguu, ubao nao unanyanyuka. Nikatembea hatua mbili na ubao wangu kama nimevaa kiatu. Wenzangu walipoona wakatoka nduki wote, hata kipa.

Mjomba ndo aliyekuja. Akaniinamia akaniambia, "Ona ndege ile, inashuka!" Nikaangalia juu. Akachomoa. Jamani! Mpaka leo ndege ikipita juu yangu unyayo unanisisimka.

Bibi akaleta maji ya moto ya chumvi, shangazi akaleta mafuta ya taa, kila mtu na dawa yake. Babu hakubishana na mtu. Akaniweka kwenye kibao cha baiskeli, moja kwa moja mpaka zahanati, nikachomwa sindano ya pepopunda. Nililia kuliko nilivyolilia msumari.

Miaka yote nilikuwa naamini pepopunda inaletwa na kutu. Kumbe kutu haina kesi. Kuna bakteria anayeishi kwenye udongo na kwenye kinyesi cha wanyama, na anapenda sana kidonda chembamba kilichoingia ndani ambako hewa haifiki. Kwa hiyo hata msumari mpya unaong'aa kama umetoka dukani leo, ukiwa na udongo unaweza kukumaliza. Ndo maana watoto wachanga wanachanjwa, na ndo maana ukichomwa na kitu kichafu unatakiwa uende ukaulize kama chanjo yako bado ina nguvu. Usikae nyumbani na mafuta ya taa.

2. MLANGO WA DALADALA

Hii ni kidato cha pili, Dar es Salaam, zile Hiace tunazoita vipanya. Wanafunzi tunajuana, hatukai kwenye siti, tunabanana mlangoni. Konda akapiga bati "Twende!" akauvuta mlango. Kidole changu cha kati kilikuwa kimeshika fremu.

Watu wanadhani ukiumia sana utapiga kelele. Mie sauti haikutoka. Mdomo ulikuwa wazi, machozi yanashuka, na gari linaenda. Mama mmoja wa siti ya mbele ndo aliyeona akapiga yowe, "Konda, mtoto wa watu huyo, kidole!" Mlango ulipofunguliwa nikakichomoa, nikakikung'uta, nikakibana kwapani, nikakitia mdomoni, nikarudisha tena kwapani. Hata nauli konda hakuidai.

Umewahi kujiuliza kwa nini tukiumia tunasugua au tunabana palipouma? Nilikuja kusoma baadae kwamba mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, waliandika kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama geti. Taarifa ya maumivu inapita hapo kwenda kwenye ubongo. Ukisugua, taarifa ya kuguswa nayo inakuja getini, inaibania ile ya maumivu isipite yote. Kwa hiyo mtoto akijikwaa, yule mama anayemsugua huku anasema "pole pole pole" hajui jina la hiyo nadharia lakini anaifanyia kazi.

Usiku wake sasa. Kucha ikawa nyeusi, kidole kinapiga kama ngoma, kila moyo ukidunda na chenyewe kinadunda. Damu ilikuwa imejaa chini ya kucha na haina pa kutokea. Asubuhi daktari akaitoboa kucha kitundu kidogo, damu ikaruka, na maumivu yakaisha palepale kama mtu amezima redio. Sijawahi kumpenda mtu niliyemjua kwa dakika kumi kama nilivyompenda yule daktari. Ila msijaribu nyumbani, kidole kinaweza kuwa kimevunjika au kikaingia uchafu.

3. MAFUTA

Haya. Tufike sasa.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakuwa mazuri, mnajua hadithi. Nikapata kazi kwenye kibanda cha chipsi, Mbagala. Mie nilikuwa mkaangaji. Alikuwepo na dogo mmoja wa miaka kama 16, katoka mkoani, kazi yake kumenya viazi na kuosha sahani. Alikuwa analipwa elfu mbili kwa siku na anakula hapohapo. Usiku analala ndani ya kibanda kama mlinzi. Yaani kazi yake ndo nyumba yake.

Bosi alinionya mara nyingi mambo mawili. La kwanza, nisijaze karai mafuta mpaka juu. La pili, nisitie viazi vinavyochuruzika maji. Sababu yake ni nyepesi tu. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100, na mafuta ya chipsi yanafika hata 180. Ukiyatia maji humo yanageuka mvuke ghafla, yanapanuka, na mafuta yanarushwa nje. Nilikuwa najua. Lakini siku hiyo Ijumaa wateja wamejaa, watu wanataka zege, mie nataka sifa. Nikajaza mafuta, nikachota viazi moja kwa moja kutoka kwenye ndoo ya maji, nikamwaga.

Yakafura. Nikaruka nyuma, na taulo nililoshikia lilikuwa limenasa kwenye mkono wa karai. Karai likanifuata.

Mafuta yalimwagikia mguu wa kulia, kuanzia kifundoni kushuka. Nilikuwa nimevaa yeboyebo. Sitaki kuwaelezea plastiki inafanyaje kwenye ngozi. Ninachoweza kusema ni kwamba kwa sekunde kama mbili niliona baridi. Baridi kabisa, kama nimetumbukiza mguu kwenye friji. Halafu yakaja yenyewe. Niliposoma shule nilidhani neno "kuungua" nalijua. Nilikuwa silijui.

Dogo ndo wa kwanza kunifikia. Aliburuza ndoo ya maji safi, akaanza kunimwagia kwa kopo, kopo baada ya kopo, bila kusema neno. Nafuu ilikuwa inakuja, akisimama inaondoka, akimwaga inarudi. Nilikuwa namwambia "usiache, usiache."

Basi watu wakajaa. "We dogo acha maji, unamletea malengelenge!" Wakamsukuma. Mmoja akaleta dawa ya meno. Mwingine akachukua trei letu la mayai akavunja mawili mguuni kwangu. Mwingine akapaka unga wa ngano. Mguu ukawa andazi.

Bosi akafika anakimbia. Akaangalia mafuta yaliyomwagika chini, akaangalia karai, akauliza, "Nani kafanya hivi?"

Na mie, nikiwa nalia pale chini, nikasema, "Dogo kanigonga."

Nimejitetea kichwani mara nyingi kwamba yale ni maumivu yaliyosema. Sio kweli. Nilifikiria. Ilikuwa nusu sekunde, lakini nilifikiria. Niliona mafuta nitakatwa kwenye mshahara, niliona kazi inaondoka, nikasema dogo. Dogo mwenyewe alikuwa bado ameshika kopo. Hakubisha. Aliniangalia tu, kama mtu anayesubiri nimalizie sentensi.

Nikapakiwa kwenye bajaji mpaka hospitali. Nesi alipoona mguu akashika kiuno. "Mlikuwa mnatibu au mnapika?" Akaniambia atalazimika kuvisafisha vyote, dawa ya meno, yai, unga. Wadau, ile kusafishwa ndo maumivu namba moja ya maisha yangu, yanazidi hata mafuta. Aliniuliza, kutoka sifuri mpaka kumi ni ngapi? Nikamwambia kumi na nne.

Akawa ananisemesha ili nisahau. Akasema ukiona inauma hivi ni afadhali, maana moto ukienda chini sana unaua mishipa ya fahamu, mtu anakaa katulia anadhani amepona, kumbe huyo ndo ameumia zaidi. Akasema mtu akiungua anatakiwa amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 bila haraka, barafu hapana. Avuliwe pete, saa na viatu mapema kabla hajavimba, ila kilichoganda kwenye ngozi kiachwe. Afunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali. Malengelenge yasipasuliwe. Dawa ya meno ibaki kwenye meno.

Halafu akasogeza taa, akaangalia vizuri, akauliza, "Kuna mtu alikumwagia maji mwanzoni?"

Nikasema ndiyo.

"Basi huyo ndo kakuokoa huu mguu. Ukirudi ukamshukuru."

Nilirudi baada ya siku nne, natembea na fimbo. Dogo hayupo. Bosi akasema alimfukuza usiku uleule, akamtoa na begi lake. Akanipa mie elfu kumi ya kujiuguza na kunipa pole. Nikaipokea. Nikasema asante.

Kidonda kilichukua wiki saba kupona. Kila baada ya siku mbili nilikuwa naenda kubadilisha bandeji, na kila wakiivua nilikuwa namkumbuka. Nilikuwa najiuliza, siku ile Ijumaa usiku, saa nne, dogo wa miaka 16 asiye na ndugu mjini, alienda wapi?

Mwaka jana nikamuona. Yuko stendi ya Rangi Tatu, anauza viatu vya mtumba, kavitandika chini kwenye turubai. Amekuwa mrefu, ana ndevu kidogo. Mie nilimtambua na yeye akanitambua. Nikawa nashikashika viatu kama mteja, moyo unadunda kama kile kidole cha daladala. Akaangalia chini, nilikuwa nimevaa ndala, kovu liko wazi.

Akasema, "Mguu vipi bro, ulipona?"

Nikasema, "Ulipona."

"Safi," akasema, akageukia mteja mwingine.

Nikanunua raba ambazo hata sio saizi yangu, elfu nane, sikuomba apunguze. Nikaondoka. Raba ziko hapa chini ya kitanda, na Jumapili nilivyokaa sakafuni nimeshika kidole, ndo zilikuwa mbele yangu.

Kwa hiyo Jumamosi hii naenda stendi. Sijui nitaanzaje. Bosi wa zamani nimeshampigia simu jana nikamwambia ukweli, akanyamaza, halafu akasema "We kijana," akakata. Hiyo ilikuwa rahisi, ilikuwa simu. Kwa dogo lazima niende kwa miguu yangu, huu aliouokoa ukiwemo.

Nimeandika hapa ili nisipate pa kukimbilia. Wiki ijayo mkiniuliza "vipi, ulienda?" nitakuwa sina ujanja.

Haya, na wewe? Maumivu yako makubwa ni yapi? Msumari, mlango, mafuta, au kile kidole kidogo kwenye kitanda? Tupia hapo chini tupeane pole. Na kama kuna anayetaka kubishana kwamba dawa ya meno inasaidia mtu aliyeungua, aje tu. Huyo mie namsubiri.