Umekwama Mstari wa Ngapi?

Testi yangu ya kwanza chuoni ilirudi na alama 9 kati ya 40. Ilikuwa ya mekanika, somo ambalo mwanafunzi wa uhandisi hana pa kulikwepea, awe wa ujenzi, wa mitambo au wa umeme. Niliikunja ile karatasi mara nne, nikaisukumia ndani kabisa ya begi, nikatoka darasani nikiongea na wenzangu habari za chakula. Shuleni nilikuwa nimeshika namba moja miaka miwili mfululizo. Mtaani kwetu walishaanza kuniita injinia kabla hata sijapanda basi la kuja Dar es Salaam. Mtu anayeitwa injinia na mtaa mzima atamwambia nani kwamba kapata tisa?

Mwaka ule idara yetu ilikuwa imeanza kuwapangia wanafunzi wapya walezi kutoka mwaka wa tatu, mlezi mmoja kwa watu watano. Sisi tulipata dada mmoja wa ujenzi. Alitukusanya Jumamosi asubuhi chini ya mwembe, nyuma ya karakana. Kabla hatujamaliza kutajiana majina akafungua faili na kutoa karatasi iliyochakaa. Ilikuwa testi yake mwenyewe ya mekanika. Alama 11 kati ya 40, wino mwekundu juu mpaka chini.

"Hii naitunza," akasema. "Haya, nani anayo ya kwake?"

Tulikaa kimya. Kisha kijana mmoja kutoka Songea akafungua begi lake, na mimi nikaanza kuikunjua yangu.

Zamu yangu ilipofika aliniuliza nimekwama wapi. Nikamjibu, "Dada, mimi sijaelewa chochote." Akatikisa kichwa. "Hilo si jibu, mdogo wangu. Umekwama mstari wa ngapi?" Tukashuka pamoja na kidole. Mchoro ulikuwa sahihi. Nguvu za mlalo nilizipata, za wima nilizipata. Mstari wa nne, pale penye momenti, yaani uwezo wa nguvu kuzungusha kitu, ndipo nilipopotea, na kuanzia hapo kila kitu kilikuwa cha kubahatisha. Kumbe katika ile bahari niliyodhani siijui yote, nilikuwa nimekwama mahali pamoja tu.

Momenti niliikariri kwa Kiingereza, neno kwa neno. Yeye akaniambia nisimame nikausukume mlango wa karakana karibu na bawaba. Haukutaka kwenda. Akaniambia nisukume penye kitasa, ukafunguka kwa kidole. "Nguvu yako ni ileile. Kilichobadilika ni nini?" Umbali, nikasema. "Na fundi gari akishindwa na nati, kwa nini anachomeka bomba kwenye mpini wa spana?" Nikacheka, maana mjomba wangu ni fundi gari na hilo nililiona tangu nikiwa mtoto.

Nimelifikiria sana tukio hilo. Mhadhiri wetu alikuwa mwalimu hodari, na sina la kumlaumu. Lakini alikuwa ameijua momenti kwa miaka mingi, na mtu aliyezoea njia hivyo hayaoni tena mawe yake. Dada yule alijikwaa hapo juzi tu. Tena alinifundisha kwa Kiswahili, lugha ambayo ndani yake nilikuwa nimeshaona milango, spana na mabomba. Wengi wetu tulisoma miaka saba ya msingi kwa Kiswahili, kisha sayansi yote ikahamia Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza. Mbele ya wanafunzi mia mbili nisingethubutu kunyoosha mkono na kuuliza kwa lugha ya nyumbani. Chini ya mwembe niliuliza mpaka nikaridhika.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za Uri Treisman, mwanahisabati aliyekuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970. Alitaka kujua kwa nini Wamarekani weusi wengi walikuwa wakianguka kwenye kalkulasi, somo linalofungua mlango wa uhandisi, huku wenzao wenye asili ya China wakifaulu. Wahadhiri aliowauliza walikuwa na majibu tayari: hawana bidii, hawakuandaliwa vizuri, nyumbani hawahimizwi. Treisman akafuatana na wanafunzi 20 wa kila upande, akawaona wanavyoishi na wanavyosoma. Majibu yale yote hayakusimama. Wanafunzi weusi walikuwa na bidii, ila kila mmoja alisoma peke yake, na akikwama alidhani ni yeye tu. Wale wengine walisoma peke yao kwanza, kisha jioni wakakutana, wakakaguana kazi, wakala pamoja. Treisman alipoanzisha makundi ya kufanya pamoja maswali magumu, yaani magumu kweli, matokeo ya wanafunzi weusi yalipanda sana. Niliposoma hayo nilikumbuka karatasi yangu iliyokunjwa mara nne.

Nilipofika mwaka wa tatu na mimi nikapewa watano wangu. Nilijiona nakwenda kutoa. Wiki ya pili binti mmoja akaniuliza, "Dada, kwa nini momenti tunaichukulia kwenye nukta hii na si ile?" Nikafungua mdomo, jibu sina. Nilikuwa nimepasi somo lile vizuri na nilikuwa nikichagua nukta sahihi kila mara, kwa mazoea. Usiku ule nilikaa na kalamu mpaka nikaona: nukta yoyote inafaa. Tunachagua ile inayopitiwa na nguvu nyingi tusizozijua, kwa sababu pale umbali wake ni sifuri, nazo zinatoka kwenye hesabu. Nilikuwa nimelitumia jambo hilo miaka miwili bila kulielewa. Binti yule ndiye aliyenifundisha, ingawa kwenye fomu ya idara mlezi niliandikwa mimi.

Ulezi huu unaweza kuharibika. Nimeona walezi waliogeuka wagawaji wa madesa, wanafunzi wakayakariri majibu ya mtihani wa mwaka juzi na kuita hiyo diskasheni. Huko si kumlea mtu. Afadhali apate sapu akijua alipokwama, kuliko apasi asijue.

Nasema hivi kwa sababu ya siku moja nikiwa mhandisi mchanga, kwenye jengo ambalo sitalitaja. Tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa miaka mitatu wa kumweka mhitimu chini ya mhandisi mzoefu, nami nilikuwa ndani ya miaka hiyo. Mikisa ilikuwa inanguruma tayari, zege la baraza linakaribia kumwagwa. Baraza lile lilichomoza nje bila nguzo. Nikaona nondo kubwa zimelazwa chini, kama za bimu ya kawaida. Kitu kilichoshikwa upande mmoja tu huvutika sehemu yake ya juu, na zege halina nguvu ya kuhimili kuvutwa. Nondo ndizo zinazolishikia. Fundi nondo alikuwa mtu mzima, mwenye heshima zake, na mimi msichana mwenye kofia mpya. Moyo ulinienda mbio. Nikamwendea mhandisi wangu, nikasema, "Samahani mzee, sijaelewa hapa, hizi nondo mbona ziko chini?" Akatazama mchoro, akaisimamisha mikisa. Nondo zikapandishwa juu, zege likamwagwa kesho yake.

Mdomo wa kusema "sijaelewa hapa" mbele ya wakubwa niliupata chini ya mwembe, kwa dada aliyeanza kwa kutuonyesha alama yake.

Kwa hiyo idara zinazopanga walezi naziomba zisitazame GPA peke yake. Mtafuteni pia yule aliyeanguka akasimama, maana anajua shimo lilipo. Mpeni saa yake kwenye ratiba, na kivuli cha kukalia.

Na wewe uliye mwaka wa tatu, ile testi yako mbaya usiichane. Jumamosi hii ichukue, watafute wa mwaka wa kwanza, uiweke mezani kabla hujawauliza ya kwao.