Kinundu cha Jani

Mtu apitaye shambani au kando ya msitu huona mara nyingi majani yenye vinundu. Vingine ni vidogo kama punje ya mtama, vingine vikubwa kama tunda. Vingine ni laini, vingine vina malaika. Vingine ni kijani, vingine vyekundu kama shanga. Mpita njia hudhani kuwa ni tunda lililokosea mahali pa kuota, au kuwa ni jipu la mti. Dhana zote mbili zimepungukiwa. Kinundu si tunda, kwa kuwa hakibebi mbegu ya mti. Wala si jipu, kwa kuwa jipu halina mpango, na kinundu kina mpango kama nyumba: kina ukuta, kina chumba, na chumbani mna chakula. Nyumba hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe si mti.

Jambo hili liliwatatiza hata wenye akili nyingi. Francesco Redi wa Italia alithibitisha mwaka 1668 kwamba funza hawazaliwi na nyama iliyooza, bali na mayai ya nzi. Lakini mtu huyo huyo alipofika kwenye vinundu vya miti alirudi nyuma: akaamini kuwa mti wenyewe una nguvu ya kumzaa mdudu aliyemo ndani. Ilimngoja Mtaliano mwenzake, Marcello Malpighi, aliyetangaza mwaka 1679 kwamba kinundu huanzia kwenye yai lililotagwa na mdudu. Kosa la Redi halikuwa la ujinga. Alikiona chumba kilichofungwa pande zote, hakina mlango wala ufa, naye mkaaji yumo. Akauliza aliingilia wapi. Kumbe mkaaji hakuingia nyumbani. Nyumba ndiyo iliyoota ikamzunguka.

Wafanyao vinundu ni wengi: nyigu wadogo, visubi, vidukari, na hata utitiri, ambao si wadudu kwa hesabu ya wataalamu, bali ni jamaa wa buibui na kupe. Utitiri wa namna hii wana urefu kama robo ya milimita na miguu minne tu, ilhali utitiri wengine wana minane. Wao hufyonza maji ya jani changa, na jani hubonyea likafanya kifuko chenye tundu, ambamo huishi na kuzaana. Nyigu hufanya vingine: hutoboa chipukizi na kutaga ndani yake, na buu anapoanza kula, chembe za mmea zilizomzunguka huongezeka na kunenepa. Zilizo karibu naye hujaa sukari, mafuta na protini. Zilizo nje hukakamaa na mara nyingi hujaa ukakasi wa tanini. Haya yote hutendeka katika sehemu changa ya mmea. Jani lililokomaa halitii tena amri ya namna hii.

Neno amri halikutumiwa hapa kwa mapambo. Nyigu wa aina mbili hutaga juu ya mwaloni mmoja, nao mti hujenga nyumba mbili zisizofanana, hata mjuzi huweza kumtaja mdudu kwa kutazama kinundu bila ya kumwona mwenyewe. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walieleza kuhusu aina moja ya kidukari ambaye jeni iliyomo mwilini mwake, wala si mwilini mwa mti, ndiyo inayoamua kama kinundu kitakuwa chekundu au kijani. Basi udongo ni wa mti, kazi ni ya mti, gharama ni ya mti. Mchoro ni wa mgeni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kinundu methali hiyo hugeuka, maana mgeni huja akapona yeye. Hata hivyo miti mingi huchukua mzigo huu bila ya kuanguka, na binadamu aliwahi kupata faida kubwa kwake. Kwa karne nyingi, Ulaya na Mashariki ya Kati, wino mweusi ulitengenezwa kwa tanini ya vinundu vya mwaloni iliyochanganywa na chumvi ya chuma. Kurasa nyingi za elimu na sheria ziliandikwa kwa jeraha la mti. Na wino huo, ukizidi ukali, huila polepole karatasi inayoubeba, kama buu alivyolila jani.

Lakini mwenyeji anayeujua udhia wa mgeni wake hayuko sawa na mwenyeji aliyeshtukizwa. Mkaratusi ulitoka Australia ukaenea Afrika Mashariki, nao umewapa watu kuni, nguzo na mbao. Mnamo mwaka 2000 nyigu mmoja alionekana akiiumbua mikaratusi katika Mashariki ya Kati, na mwaka 2002 alikuwa amekwisha fika Kenya na Uganda. Wataalamu walimpa jina la Leptocybe invasa mwaka 2004. Urefu wake haupiti milimita moja na nusu. Hutaga katika vikonyo na katika mshipa mkuu wa jani changa, na takriban wote ni majike wazaao bila ya dume, hata mmoja tu aweza kuwa mwanzo wa kizazi kizima. Vinundu huwa kijani, kisha huiva wekundu. Majani hujikunja, na mche kitaluni hudumaa. Mkulima aliyenunua miche kwa fedha ya ada za watoto wake hubaki na vichaka mahali alipotazamia nguzo.

Dawa ya kunyunyiza humfikia buu kwa shida, kwa sababu amejificha katika mwili wa mti wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Ajabu ni kwamba huko Australia alikotoka, nyigu huyu alikuwa karibu hajulikani. Huko wako nyigu wengine ambao watoto wao huishi kwa kumla yeye ndani ya kinundu chake. Aliposafiri aliwaacha. Watafiti waliwafuata hao hadi Queensland: aina mbili zilielezwa mwaka 2008 na kutumiwa Israel, na mwaka 2012 Afrika Kusini ilianza kuachia ya tatu. Pamoja na hayo hupandwa aina za mikaratusi zenye ukaidi, zisizotii amri ya mgeni.

Kwa hiyo mkulima anapookota jani la mkaratusi lenye kinundu kikavu, na kuona juu yake kitundu kama cha ncha ya sindano, hawezi kusema mara moja kama ameona hasara au faraja. Huenda kupitia hapo alitoka mvamizi, akaenda kutaga penginepo. Huenda alitoka yule aliyemla mvamizi. Aliyekata mti wote kwa hasira amewaua wawili kwa kosa la mmoja. Aliyekiweka kinundu katika chupa, akangoja aone nani atatoka, ndiye atakayejua la kufanya msimu ujao.