Ziwa Ni Amana: Tuwaandikie Wabunge Wetu



Ndugu zetu katika imani, baba na mama mnaotuletea watoto madrasa, tunamshukuru Allah (S.W.T.) aliyetupa uhai na afya, na tunamtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Leo hatuandiki juu ya hukumu za udhu wala malezi ya vijana, ingawa tutakayoyasema yanagusa yote mawili. Tunaandika juu ya ziwa Kivu na mto Rusizi, na juu ya jambo ambalo sisi walimu wa dini tumezoea kuwaachia wengine, nalo ni kusema na wabunge.

Swali la mtoto

Jumamosi moja ya umuganda tuliwachukua watoto wa madrasa tukateremka nao ufukweni hapa Kamembe. Wakaokota chupa za maji na soda, mifuko meusi, kandambili zilizokatika, vifuniko na vipande vya madumu. Magunia yakajaa, watoto wakafurahi, tukasoma dua tukarudi. Siku chache baadaye mvua kubwa ikanyesha. Tulipopita tena pale, ufuko ulikuwa umerudi kama haukuguswa. Kijana wetu mmoja wa miaka tisa akauliza: "Maalim, tukiokota leo na kesho yanarudi, faida yake nini?"

Tulimjibu kwamba kuondoa chenye kuudhi njiani ni katika imani, na kwamba ujira uko kwa Allah hata takataka zikirudi. Jibu hilo ni sahihi. Lakini usiku ule hatukulala vizuri, maana tulijua tumempa nusu ya jibu. Hakuuliza juu ya thawabu tu, aliuliza pia ni nani atakayezuia zisije tena.

Kosa letu wenyewe

Kabla ya kuwanyooshea wengine kidole, tukiri letu. Mwaka 2008 Rwanda ilitunga sheria ya kukataza mifuko ya plastiki. Miaka ya mwanzo tulivuka kwenda Bukavu kununua juzuu na vitambaa vya kanzu, tukafungiwa katika mifuko myeusi. Mpakani wasafiri walikuwa wakiambiwa waiache. Sisi tuliukunja mmoja tukauficha chini ya kanzu, tukapita. Tulipoutoa nyumbani, mama watoto akatutazama akasema: "Maalim, na hili nalo unafundisha?" Hatukuwa na la kumjibu.

Lakini angalieni jinsi sheria ilivyotulea. Baada ya muda tulizoea vikapu na mifuko ya karatasi, na leo watoto wetu hawajui duka linalofunga mkate kwenye mfuko mweusi. Mwaka 2019 ikaja sheria nyingine, ya vyombo vya plastiki vinavyotumika mara moja na kutupwa. Tumetoa mawaidha ya usafi miaka mingi, na hatukumbuki mawaidha yetu yaliyobadilisha soko zima namna hii. Mawaidha hugusa moyo wa anayetaka kusikia. Sheria inamfikia hata asiyetaka, kama tulivyokuwa sisi siku ile.

Maji hayana mpaka

Sasa tatizo liko wapi? Liko katika maji yenyewe. Ziwa ni moja, lina Rwanda upande huu na Congo upande ule. Mto Rusizi unatoka ziwani hapa, kati yetu na Bukavu, unapita pembeni mwa Bugarama na kwenda kumwaga katika ziwa Tanganyika karibu na Bujumbura. Nchi tatu, maji yale yale.

Wengi mmesikia habari za bwawa la umeme la Rusizi ya kwanza, upande wa Bukavu. Takataka za plastiki zinazoteremka na mvua hujazana mbele ya mitambo, wafanyakazi huziopoa kwa mikono na mashine, na wapiga mbizi huingia chini kuzibua. Chini yake kuna Rusizi ya pili, inayoendeshwa na SINELAC, shirika la nchi tatu: Rwanda, Congo na Burundi. Kwa hiyo chupa iliyotupwa mtaroni inaweza kuishia kugusa taa anayosomea mtoto wako. Na mvuvi wa sambaza hahitaji kuelezwa, nyavu zake zinamweleza.

Wala tusiseme kosa ni la Bukavu tu. Vilima vyetu pia vina mitaro, na mitaro yetu inateremka ziwani. Ndugu zetu wa ng'ambo wamepita katika mitihani mizito ya vita, hasa tangu mwaka 2025, na si haki mtu aliyekosa amani tumlaumu kwa kukosa pipa la taka. Congo yenyewe ilitoa amri ya kukataza mifuko ya plastiki mwishoni mwa mwaka 2017. Burundi ikatoa yake 2018. Kenya ilikataza Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Kila nchi ina yake, na kila moja inaitekeleza kwa kiasi chake. Kinachokosekana ni sheria moja inayowashika wote.

Mfano wa merikebu

Mtume (S.A.W.), katika hadithi mashuhuri aliyoipokea Nu'man bin Bashir (R.A.), alitupigia mfano wa watu waliopiga kura kugawana merikebu, wengine juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji, wakaona ni bora watoboe sehemu yao ili wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakizuiwa, wote wanaokoka.

Tukijitazama, Rusizi tuko juu na chini kwa pamoja. Tunapokea ya jirani kutoka ziwani, na tunampelekea yetu aliye Uvira na Bujumbura. Waliookoka katika mfano ule hawakuokoka kwa kuziba nafasi yao peke yao. Waliokoka kwa kusemezana na kushikana mikono.

"Lakini hiyo ni siasa"

Tunajua baadhi ya wazee watasema: "Maalim, siasa si kazi yako." Tunawaheshimu. Na sisi tulikuwa hivyo. Lakini kumpa kiongozi nasaha kwa adabu si fitna, ni katika dini. Katiba yetu, kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na kifungu cha 53 kinamtaka kila mtu ayalinde. Anayemkumbusha mbunge haki hiyo hafanyi uasi.

Msiseme pia "huyu mbunge si wa kwetu." Wengi wa wabunge wetu hupatikana kwa orodha ya nchi nzima, na akina mama wengine huchaguliwa kwa ajili ya mkoa wetu wa Magharibi. Bunge la Kigali ndilo linalochagua wajumbe wetu 9 wa Bunge la Afrika Mashariki, linalokaa Arusha. Congo nayo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, ina nafasi 9 huko. Huko ndiko jirani wawili wa ziwa moja wanakaa chini ya paa moja. Muswada wa kudhibiti mifuko ya plastiki uliwahi kuletwa huko na mbunge wa Rwanda, Bi Patricia Hajabakiga, lakini sheria moja ya Jumuiya bado hatuna.

Tuombe nini?

1. Wabunge wetu wa Kigali na Arusha waunge mkono sheria moja ya Afrika Mashariki juu ya plastiki za kutupwa.

2. Waipe nguvu ABAKIR, mamlaka ya nchi tatu ya bonde la ziwa Kivu na mto Rusizi.

3. Baraza la wilaya yetu, njyanama, lisimamie mitaro na ukusanyaji wa taka, ili tunapomwomba jirani tuwe na uso wa kumwomba.

Barua isiwe ndefu. Salamu, jina lako na mahali unapoishi, ulichokiona kwa macho yako, unachoomba, na shukrani. Usitukane wala usitishe. Andika kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili, zote ni lugha rasmi za nchi yetu.

Wazazi, tunawaomba jioni moja wiki hii mkae na watoto baada ya Maghribi, kila nyumba iandike barua moja. Mtoto aandike kwa mkono wake alichokiona ufukweni. Zileteni madrasa, tutazituma pamoja inshaallah. Yule kijana aliyetuuliza swali ameshaleta yake, na amewauliza wabunge swali lile lile alilotuuliza sisi.

Allah atujaalie kuwa wenye kuchunga amana, awape viongozi wetu hekima, na awape amani majirani zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.