Watu Wasiopanda Mbegu

Kwenye riwaya za George R. R. Martin kuna watu wanaojisifu kwamba hawapandi mbegu. Wanaishi Visiwa vya Chuma: miamba mitupu, upepo wa baridi, udongo mchache wenye mawe. Mali yao ni merikebu ndefu za makasia na shoka. Mungu wao anakaa chini ya bahari. Kulima na kuchimba migodi ni kazi za mateka.

Mimi nimekulia Mofu, bonde la Kilombero, mahali ambapo mtu asiyelima ana maswali ya kujibu. Kwa hiyo nilipokutana na watu hawa katika A Clash of Kings (1998), sikuweza kuwapita haraka haraka.

Kuna sehemu moja ambayo kila aliyesoma anaikumbuka. Theon Greyjoy anarudi kwao baada ya miaka mingi ya kushikiliwa na watu wa bara. Amevaa vizuri, mkufu shingoni. Baba yake, Balon, anataka kujua jambo moja tu: mkufu huo ulilipiwa kwa dhahabu au kwa chuma? Yaani, aliununua, au aliuvua kwenye maiti ya mtu aliyemuua mwenyewe? Theon aliununua. Mzee anamng'oa nao palepale. Kwa watu wale, kununua ni aibu na kupora ni heshima.

Mpwa wangu anawapenda sana. Yeye hajawasoma, amewaona kwenye kibanda umiza, Ifakara, kwenye muvi za kutafsiriwa, pamoja na Waviking na wengine wa aina hiyo. Ana miaka kumi na tisa. Ameachiwa eka mbili za mpunga na marehemu baba yake, na anataka kuziuza, kwa sababu, anasema, kulima ni kazi ya waliofeli. Jioni moja akaniuliza, "Mjomba, hivi sisi hatukuwahi kuwa na watu kama hawa?"

Swali zuri, na jibu lake lipo. Watu wa aina hiyo walikuwepo upande wetu wa dunia, ila sisi ndio tuliokuwa tumesimama ufukweni tukiwaona wanakuja.

Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, wapiganaji wa Madagaska, Wasakalava miongoni mwao, walivuka bahari na makundi ya ngalawa. Walizipiga Komoro mwaka baada ya mwaka, wakichukua watu kuwafanya watumwa. Baadaye wakafika pwani yetu. Kwenye kisiwa cha Juani, Mafia, kuna magofu ya mji wa Kua: misikiti, nyumba za mawe, makaburi, na mizizi inayopasua kuta. Mji huo waliuvamia Wasakalava, wakaua, wakabeba waliobaki. Hapakuwa na theluji, lakini mengine yote yalikuwepo: ujasiri, ufundi wa bahari, wimbo wa ushindi bila shaka. Ukiwatazama kutoka kwenye ngalawa zao, ni riwaya tamu. Ukiwatazama kutoka dirishani kwa mama mmoja wa Kua, jamani, ni kitabu kingine kabisa.

Na huku bara kwetu, mbali na chumvi? Karne hiyohiyo ya 19 vita vilipita bondeni kama mafuriko: Wambunga, ambao asili yao inahusishwa na Wangoni, na Wahehe kutoka nyanda za juu za Iringa. Wandamba hawakuwa na jeshi la kuwakabili. Walichokuwa nacho ni maji. Wazee husimulia kwamba vita vikija, watu waliingia kwenye mitumbwi, wakapotelea kwenye matete na visiwa vya mto, mahali ambapo mpiganaji wa nchi kavu, hata awe simba, hajui aweke wapi mguu. Walikaa humo na mamba na viboko na mbu mpaka hatari ipite. Kisha wakatoka, wakapanda mpunga.

Hakuna anayetengeneza muvi ya watu waliojificha vizuri. Lakini niambie, msomaji, ugumu ni upi hasa? Masika ikishiba, bonde lote la Mofu linakuwa bahari. Niliwahi kumwona mama yangu akisimama wima kwenye mtumbwi wa gogo moja, upondo mkononi, akisukuma tangu alfajiri kwenda shamba. Huko tulilala kwenye dungu wiki nyingi, kuamia mpunga, ndege mchana, nguruwe usiku. Hakuua mtu. Hakuna aliyemtungia utenzi.

Hata Waviking wa kweli wangemshangaa mpwa wangu. Wengi wao walikuwa wakulima na wafugaji. Shayiri na kondoo ndivyo vilivyowaweka hai. Masimulizi ya visiwa vya Orkney yanamtaja Svein Asleifarson, bwana mmoja wa karne ya 12, ambaye kila mwaka alisimamia kwanza upandaji wa mbegu, ndipo akaenda kupora. Akarudi kuvuna, akaenda tena. Njozi ndiyo iliyofuta jembe, ikabakiza shoka.

Na Martin mwenyewe, ukimsoma kwa utulivu, hakudanganyika. Katika A Feast for Crows (2005) watu wa Visiwa vya Chuma wanakutana kuchagua mfalme. Asha, dada yake Theon (kwenye runinga wanamwita Yara), anawamwagia mbele yao faida ya vita vyao: mawe, mbegu za misonobari na mboga za mizizi. Anawaambia wachukue amani na ardhi. Wanamkataa. Wanamchagua Euron, anayewaahidi Westeros nzima. Huo ndio moyo wa hadithi yao, na kwenye kibanda umiza watu huwa wanasubiri mapigano tu.

Shaaban Robert naye alitujengea nchi ya njozi mwaka 1951, Kusadikika, inayoelea angani. Wajumbe wake wanasafiri mbali na kurudi na maarifa badala ya nyara. Malipo yao ni kifungo. Naona nchi hizi mbili zinaugua ugonjwa mmoja: hazijui kumpokea anayerudi na kitu cha kuotesha.

Mpwa wangu bado hajaamua kuhusu eka zake. Sijamzuia kutazama muvi, na simzuii kuota. Nataka tu awe na hadithi ya pili ya kuilinganisha na ya kwanza, na hiyo ya pili haijaandikwa. Wanaojua kusoma maji ya bonde hili kwa upondo wanazeeka, na tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe mwaka 2018 vijana wengi wanauvuka mto wa Kilombero bila kulowa.

Atakayeiandika riwaya hiyo, aanze na jambo dogo. Ndani ya mtumbwi, mama alitandika vijiti katikati, pale pasipofika maji. Watoto tulikaa pembeni tukalowa. Juu ya vijiti, pakavu, aliweka mbegu.