Maji ya Lambo Yakijaa Yaende Wapi?

Ukipanda gari moshi Tabora kwenda Mwanza, utapita Bukene kabla ya kufika Isaka. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928. Zamani watu walikwenda kwa miguu. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Tabora mwaka 1878. Wengine wakashika njia ya Ujiji, wengine wakaelekea kaskazini mpaka Nyanza, na mwaka 1879 wakaingia Buganda. Misafara ile ilipiga kambi palipo na maji, si pale ilipopenda. Nawe ukitembea Bukene mwezi wa Oktoba, utafahamu kwa nini.

Usidhani mito ya huku yaweza kuchukua chombo. Masika hufurika, kiangazi wavuka viatu vikiwa vikavu. Mto wa mitumbwi ulikuwa mbele sana, Malagarasi, ambako misafara ilitozwa ushuru wa kuvushwa. Hapo mwaka 1871 punda wa Stanley alikamatwa na mamba akiogeleshwa, na huo ukawa mwisho wake.

Nasema haya kwa sababu kijana mmoja tuliyefuatana naye alikuwa amesoma habari za mabwawa ya meli. Akauliza, mbona letu halina milango? Swali zuri. Katika mto Mississippi, huko Marekani, walijenga mabwawa mengi miaka ya 1930 ili kina cha maji kisipungue futi 9, meli zipite. Kando ya kila bwawa kuna chumba chenye milango miwili: meli huingia, mlango hufungwa, maji huongezwa au kupunguzwa, nayo hupanda au kushuka kama mtu apandaye ngazi. Watu wengi hudhani mabwawa hayo huzuia mafuriko. La, hayazuii. Mto ukifurika, malango huinuliwa na maji hupita yote.

Lambo letu nalo halizuii mafuriko. Limechimbwa ili mama apate ndoo moja na ng'ombe wapate kunywa mpaka Novemba. Likisha kujaa, mvua inayofuata haina nafasi ndani yake, lazima ipite. Ndiyo maana wajenzi huacha njia pembeni, chini kidogo ya kimo cha tuta, maji ya ziada yatokee huko. Maji yakikosa njia hiyo hupanda juu ya tuta, na tuta la udongo halistahimili jambo hilo. Hukatika kama mkate uliolowa.

Katika lambo tulilolitazama, nje kidogo ya Bukene, njia hiyo ilikuwa imezibwa kwa magunia saba ya mchanga. Si kwa ubaya, bali watu walitaka maji zaidi, na kiangazi kilichopita kiliwatesa. Nani atawalaumu? Lakini mzee aliyetuongoza hakucheka. Alituonyesha mengine pia: mti uliomea juu ya tuta (ukifa, mizizi huoza na kuacha matundu), kichuguu cha mchwa upande wa nyuma, na njia ya ng'ombe iliyoanza kuwa korongo. Kisha akainama chini ya tuta, mahali palipokuwa na unyevu.

“Tazama maji haya, mwanangu,” akasema. “Yakitoka safi, nangojea. Yakitoka na tope, nawaita watu.”

Mafundi wa mabwawa wasema vilevile: maji yenye tope huonyesha kwamba udongo wa ndani wachukuliwa, na tuta lageuka kuwa mrija.

Huenda waona haya ni mambo madogo. Katika Kenya, huko Solai karibu na Nakuru, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya mvua kubwa, tuta la bwawa la shamba lilipasuka. Maji yaliteremka juu ya nyumba za watu, na wasiopungua 47 wakafa, wengi wao wanawake na watoto.

Kuna na hatari isiyo na kishindo. Konokono wa malambo huchukua kichocho, na watoto wa Bukene huoga papo hapo kama watoto wote. Afadhali maji yatekwe na kuachwa yatulie siku mbili kabla ya kuogwa. Vijidudu vile havidumu muda huo. Maji ya kunywa yachemshwe.

Jioni mzee aliwaita vijana kwenye magunia. Pakawa na maneno mengi, hasa kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani. “Mzee, ukiyatoa, Oktoba nitateka maji wapi?” Mzee hakuwa na jibu la kumpendeza. Tulipokwenda kituoni, magunia matatu yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Manne yalibaki, na upande wa mashariki mawingu ya kwanza yalikuwa yakijikusanya.